Rubarbu ya mbegu: miche 17 iliota, nikabaki na minne

Rubarbu ni mmea wa majani mapana ambao vikonyo vyake vichachu, yaani vishina vya majani, hupikwa na sukari. Watu wengi wenye rubarbu bustanini hawakuanza na mbegu. Walipewa kipande cha mzizi wenye jicho, yaani chipukizi lililolala, na mtu mwenye mmea mkubwa, wakafukia, mwaka uliofuata wana mmea. Mi sikuwa na mtu wa kunigawia. Nilichokuwa nacho ni pakiti ya mbegu aliyonipa dada mmoja tunayefanya naye kazi, akaniambia we jaribu tu, nikajaribu, na sasa ni mwaka wa tano na bado najifunza.

Mbegu yenyewe ni ya ajabu kidogo ukiiona mara ya kwanza. Ni ya kahawia, nyepesi, ina pembe tatu na kila pembe ina kibawa chembamba kama karatasi, ukipuliza inaruka. Mi nilipoziona nilidhani ni makapi, nikawa natafuta mbegu ndani ya makapi, kumbe ndo zenyewe. Kile kibawa ni cha kusaidia upepo uzibebe, na ndani yake mbegu halisi ni ndogo sana.

Zilikuwa kama arobaini hivi. Nusu nikazimwaga moja kwa moja ardhini, nikachora mstari kwa kidole, nikafukia, nikamwagilia nikaenda zangu. Zikaota mbili. Mbili tu! Na hizo mbili zikaliwa na konokono usiku mmoja, asubuhi nimekuta vijiti viwili vya kijani vimesimama bila jani. Nilikuwa nimefukia kina kirefu sana, halafu udongo wa juu ulikuwa unakauka mchana unakuwa kama ukoko, mbegu nyembamba vile itapasuaje ukoko. Nimekuja kujua sentimita moja mpaka moja na nusu inatosha kabisa.

Ile nusu nyingine nikasema hizi sizichezei. Nikahesabu, zilikuwa 22, nikaziloweka kwenye maji ya vuguvugu, niliziweka asubuhi nikazitoa jioni. Kuloweka kunasaidia kwa sababu lile ganda ni gumu, mbegu ikinywa maji kwanza inaamka pamoja na wenzake. Ila usizidishe, niliwahi baadaye kuziacha siku mbili nzima kwa kusahau na zikaanza kunuka, zile hazikuota hata moja. Saa kadhaa, au usiku mmoja, basi.

Nikaatika kwenye trei yenye mchanganyiko wa mboji na mchanga, mbegu moja kila kishimo, nikaiweka ndani karibu na dirisha ambako joto linakaa nyuzi 20 hivi. Ya kwanza ilitoka siku ya nane. Ya mwisho siku ya kumi na tisa, nilikuwa nishaikatia tamaa. Jumla 17 kati ya 22, na kwa mbegu ambayo sikujua imekaa kwenye pakiti muda gani nilifurahi sana.

Sasa furaha hiyo ikanifanya nimwagilie kila nikipita. Asubuhi maji, nikitoka kazini maji, nikienda kulala natupia kidogo. Kwenye siku ya tano baada ya kuota naona miche inalala, shina kwa chini pale linapogusana na udongo limekuwa jembamba kama uzi na lina weusi. Kinyausi. Wanaolima nyanya wanakijua vizuri sana, ni ukungu unaoshambulia mche ukiwa mchanga pale penye unyevu mwingi na hewa haipiti. Na ukishaona mche umelala hauamki tena. Niliondoa iliyolala pamoja na udongo wake, nikaacha kumwagilia juu, nikawa naweka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo inyonye kwa chini dakika kadhaa kisha natoa, na dirisha nikaliacha wazi mchana. Kikasimama, lakini kilishaniachia miche 11 tu.

Hapo ndo nikaanza kuona jambo ambalo mpaka leo ndo linalonifanya niipende hii kazi ya kuanzia mbegu. Miche haifanani. Mbegu zimetoka pakiti moja, udongo mmoja, maji mamoja, lakini mwingine kikonyo chake chekundu tangu jani la pili, mwingine kijani mpaka chini, mwingine ana madoadoa ya pinki, mwingine anakimbia kwa majani manne mwenzake ana mawili. Mwanzoni nilidhani ile ya kijani ina upungufu wa kitu, nikawa naipa mbolea ya maji ya ziada eti iwe nyekundu. Haikuwa nyekundu. Haitakuwa nyekundu maisha yake yote kwa sababu ndivyo ilivyozaliwa.

Rubarbu haizai mtoto anayefanana na mama. Ile unayoona ina jina, kwa mfano Victoria ambayo ilitolewa na mkulima mmoja wa Uingereza anaitwa Joseph Myatt mwaka 1837, inabaki kuwa yenyewe kamili pale tu unapoigawa mzizi. Ukichukua mbegu yake unapata watoto wa Victoria, wana sura ya ukoo lakini kila mmoja na lake. Kwa hiyo pakiti ikiwa na picha ya vikonyo vyekundu kama damu usije ukalaumu mbegu, ile picha ni ya mmoja wao. Mtu anayeotesha mbegu kazi yake kubwa inakuwa ni kuchagua, na ili uchague inabidi uoteshe mingi kuliko unayoihitaji na uwe na roho ya kuiacha mingine. Hili ningeambiwa mapema ningeokoa mambo mengi, kwa sababu mi nilichagua mapema mno na nilichagua kwa rangi.

Jingine la pakiti, angalia jina la kisayansi. Ya kula ni Rheum rhabarbarum, au wanaandika Rheum x hybridum. Kuna ndugu zake, Rheum palmatum na Rheum officinale, ambao mizizi yao mikavu ilikuwa dawa ya tumbo China kwa karne nyingi sana na ikasafirishwa mpaka Ulaya kwa gharama kubwa, na palmatum wengine wanaipanda kama ua maana majani yake makubwa yamechanika vizuri. Hao wanaotafuta dawa na urembo waachie hao, vikonyo vya kula ni vya huyu wa kwanza.

Miche ilipofika majani manne na urefu wa kiganja nikaanza kuizoesha nje, saa moja, saa mbili, mpaka siku nzima, kama wiki hivi. Miwili nikampa yule dada wa kazini. Tisa nikaihamishia bustanini na kila mmoja nikamchomekea kijiti chenye namba, moja mpaka tisa, na huu uamuzi wa namba nauona ndo wa maana kuliko yote niliyofanya mwaka ule maana bila namba nisingejua nani ni nani baadaye majani yanapokufa.

Nafasi. Nilisoma mita moja au sentimita 90 kati ya mmea na mmea nikaona ni kutupa ardhi, mche wenyewe mdogo kama mchicha. Nikaweka nusu yake. Mwaka wa tatu majani yalikuwa mapana kama sinia na yanakanyagana, ilibidi nihamishe mimea miwili mikubwa na mzizi wa rubarbu ukishazama unazama kweli, mnene kama mkono wa mtoto, wa njano ndani, nilichimba mpaka mgongo ukauma na bado nikaukata. Sentimita 90 ni 90.

Shimo nililichimba kubwa, upana na kina cha ndoo, nikachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri. Iliyooza nasisitiza, samadi mbichi ikigusa kile kichwa cha mzizi pale machipukizi yanapotokea inaunguza na inaozesha. Rubarbu ni mlafi, inakula mbolea kuliko mboga nyingine niliyowahi kupanda, na inapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 mpaka 6.8 hivi. Ila kitu kimoja haivumilii ni miguu kukaa ndani ya maji. Kona yangu ya chini ya bustani, pale namba 1, 2 na 3 walipokuwa, mvua ikinyesha maji yanatuama siku nzima, mi nikajiambia si inapenda maji? Inapenda maji yanayopita. Yanayokaa yanaiua. Ilianza kwa majani ya nje kuwa na rangi ya njano, halafu machipukizi ya katikati yakawa laini, nikavuta moja likatoka lenyewe bila nguvu na chini yake kuna uji wa kahawia unanuka. Nikachimba zote tatu nikakuta kichwa cha mzizi kimeoza. Ugonjwa huo hauna dawa ya nyumbani, unachimba, unatupa mbali, na pale hupandi tena rubarbu. Waliobaki nikawanyanyulia tuta, kichwa cha mzizi kikawa usawa wa udongo au juu kidogo tu.

Nikabaki na sita.

Halafu joto likaja. Huu mmea asili yake ni nchi za baridi, Siberia na kaskazini ya China huko, na unaonyesha wazi. Wastani wa joto ukipita nyuzi 24 ukuaji unapungua, likigonga 30 na kitu majani yanalala chini mchana kama nguo iliyoloa, na vikonyo vinavyotoka wakati huo ni vyembamba kama penseli. Siku za kwanza kila nikiona yamelala namwagilia, mpaka nikajifunza kusubiri jioni, kama jua likizama yananyanyuka yenyewe basi ilikuwa joto tu, kama mpaka asubuhi bado yamelala hapo kweli ni kiu. Nilitandaza nyasi kavu unene wa kiganja kuzunguka kila mmea, nikaacha nafasi kidogo katikati pasiguse kichwa cha mzizi, na upande wa jua la mchana nikafunga neti ya kivuli. Namba 7 na 9 walikuwa chini ya kivuli cha ukuta na ndo hawakupata shida kabisa. Jua la asubuhi, kivuli cha mchana. Ningekuwa naanza upya wote ningewaweka pale.

Nimewahi kuulizwa kama mahali pasipo na baridi ya kweli inawezekana. Ninachojua ni hiki, mmea ukimaliza msimu unataka kulala, na ili uamke vizuri unahitaji wiki nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 5 hivi. Usipoipata unaamka kivivu, vikonyo vichache, mwaka hadi mwaka unadhoofika. Sehemu za joto kama kusini mwa Marekani kuna watu wanachofanya ni kuotesha mbegu kila mwaka mwishoni mwa joto, mimea inakua kwenye miezi ya ubaridi, wanavuna, joto likirudi wanaing'oa, hawaitegemei iishi. Na hapo mbegu inashinda kipande cha mzizi, maana mzizi wa kuchimba kila mwaka utautoa wapi. Kuna aina inaitwa Glaskin's Perpetual inayosifika kwamba ukiiotesha kwa mbegu unaweza kuanza kuchukua kidogo mwaka huohuo, mtu wa sehemu ya joto ningemshauri atafute hiyo.

Kwangu baridi ilikuja. Na hapa nusura nifanye kosa kubwa kuliko yote. Majani yote yaligeuka njano, yakalala, yakawa kitu cheusi kinachonata juu ya udongo, ndani ya wiki tatu hakuna kitu, vijiti vya namba tu vimesimama. Nilihuzunika. Nilichukua jembe nikaenda kufukua nione tatizo, nikaanza na namba 4, nikafukua kidogo pembeni nikaona chini ya udongo kuna kitu chekundu kimevimba kama ngumi ya mtoto mchanga, kimefungwa kabisa. Jicho la mwaka unaokuja. Nikarudisha udongo taratibu kwa mikono, nikaongeza mboji juu, nikaondoka. Ule mmea haukuwa umekufa, ulikuwa umelala na umeshajiandaa.

Ila kabla ya baridi hiyo nilishafanya kosa lingine na hilo ndo linaniuma zaidi. Kila maelekezo yanasema mwaka wa kwanza usivune, mwaka wa pili vikonyo vichache, mwaka wa tatu ndo uvune. Mi nilikuwa na namba 5 na 6, walikuwa wekundu kupita wote, wazuri, kila mgeni akija anawaona hao, na mwezi wa tano tangu kuota walikuwa na vikonyo vya unene wa kidole. Nikasema vikonyo viwili vitatu haviui. Wiki ile vitatu, wiki inayofuata vitatu, nikamalizia na vyote vya nje nikabakiza vile vidogo vya katikati. Baridi ilipoisha namba 4, 7, 8 na 9 wakaamka. Namba 5 akatoa jani moja dogo akaishia hapo. Namba 6 hakutoka kabisa.

Nilichoelewa ni kwamba mche wa mbegu unaanza bila chochote. Anayepanda kipande cha mzizi anapanda na akiba ya miaka ndani yake, chakula kiko mle. Mche wa mbegu hauna, kila jani unalolichukua mwaka wa kwanza ni chakula ambacho mzizi ulikuwa unangoja kuweka. Mi niliwapenda wale wawili kwa rangi nikawala mpaka wakafa, na wale niliowaona wabaya nikawaacha na ndo walioishi. Nilikaa na hilo muda mrefu.

Sasa niongee kuhusu majani, na naomba anayesoma akiwa anaruka ruka asimame hapa. Jani la rubarbu haliliwi. Lile bapa pana la kijani, halipikwi, halichemshwi, halichanganywi na mboga nyingine. Kinacholiwa ni kikonyo peke yake. Majani yana asidi ya oksaliki nyingi, yanaleta kuungua mdomo na koo, kutapika, tumbo, na inaweza kuharibu figo na hata kuua. Nalisema kwa nguvu kwa sababu mwaka wa pili mama alikuja kunitembelea, asubuhi nimeamka nikamkuta bustanini ameshika majani makubwa mawili ya namba 7, anayakung'uta umande.

"Mwanangu, mboga nzuri hivi mbona unaiacha inazeeka?"

Moyo ulinipasuka. Nikamwambia mama weka chini hiyo, ni sumu. Akaniangalia kama nimemvunjia heshima, maana mtu aliyelima maisha yake yote anajua jani la kuliwa kwa kuliangalia, na kiukweli linafanana kabisa na mboga, pana, nyororo, la kijani kibichi. Nikamuelezea polepole. Akauliza, "Sasa kwa nini unapanda sumu nyumbani?" Nikamvunjia kikonyo, nikamenya, nikamchovyea kwenye sukari, akaonja, akafunga macho kwa ule uchachu, akasema haya, nimekuelewa, lakini weka alama mtu mwingine asije akafa. Siku hiyohiyo tukaandika kibao pamoja, MAJANI NI SUMU, tukakichomeka mbele ya tuta. Kipo mpaka leo.

Na hiyo si hofu yangu tu. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia huko Uingereza chakula kilipokuwa kigumu watu walishauriwa wale majani ya rubarbu kama mboga, na wako waliougua na waliokufa. Walishauriwa kabisa. Kwa hiyo nyumba yenye watoto, wageni, msaidizi wa kazi, usitegemee kwamba wanajua. Mbuzi na kuku pia wasifikie. Ila kwenye lundo la mboji majani yanaruhusiwa, ile asidi inavunjikavunjika yakioza, mi nayatupia huko yote. Vikonyo vyenyewe vina asidi hiyohiyo kwa kiasi kidogo, haina neno kwa mtu mzima wa afya, ila mwenye historia ya mawe ya figo aende nayo kwa tahadhari.

Mwaka wa pili nilijizuia. Vikonyo vitatu kwa kila mmea, mara moja, basi. Mwaka wa tatu ndo nikavuna kwa moyo wangu wote, kwa wiki kama nane, na kila mara naacha zaidi ya nusu ya majani yabaki. Na hivi vikonyo havikatwi na kisu. Unashika chini kabisa karibu na udongo, unavuta huku unazungusha kidogo, kinatoka chote na kile kiganda cheupe cha chini. Ukikata na kisu unaacha kisiki, kisiki kinaoza, uozo unashuka kwenye kichwa cha mzizi. Namba 1 mpaka 3 walinifundisha uozo ukifika hapo nini kinafuata, sikutaka tena.

Na ndo nikagundua namba 7. Huyu ni kijani, mwekundu kidogo tu pale chini kabisa, mche niliokuwa naupa mbolea kwa huruma. Vikonyo vyake mwaka wa tatu vilikuwa vinene kama mpini wa jembe dogo, havina nyuzi, na uchachu wake ni safi. Namba 9 ni mwekundu mzuri lakini mwembamba na ana nyuzi, inabidi kumenya. Rangi haikuwa inasema chochote kuhusu ladha. Nimezilinganisha sufuria kwa sufuria, na mtu akifumba macho hatofautishi nyekundu na kijani, anatofautisha nyororo na yenye nyuzi.

Kuhusu sufuria, usitumie ya aluminiamu. Uchachu unailamba, sufuria inang'aa ndani na chakula kinapata ladha ya chuma. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya udongo. Mi nakata vipande vya urefu wa kidole gumba, vikombe vitatu vya vipande na sukari kikombe kimoja pungufu kidogo, maji vijiko viwili tu maana yenyewe karibu yote ni maji, moto mdogo, dakika kumi inakuwa imeyeyuka. Iache ipoe kabla hujaonja kama sukari imetosha, ikiwa ya moto ulimi unadanganya. Mdogo wangu huwa ananibishia kama hii ni tunda au mboga. Kwa mmea ni mboga, ni kikonyo cha jani, lakini mwaka 1947 mahakama ya mambo ya forodha huko Buffalo, New York iliamua ihesabiwe tunda kwa sababu inaliwa kama tunda, na ushuru wa tunda ulikuwa mdogo. Kwa hiyo wote wawili tuna haki.

Mwaka wa nne nilijaribu kuifunika. Hii inafanywa sana, unachukua mmea uliolala, unaufunika na ndoo isiyopitisha mwanga kabla haujaamka, unapotoka unatoka ukitafuta mwanga, vikonyo vinakuwa virefu, vya pinki, laini, vitamu zaidi, majani madogo ya njano. Inasemekana iligunduliwa kwa bahati bustani ya Chelsea jijini London mwaka 1817 mizizi ilipofukiwa udongo bila kukusudia. Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wameifanya kazi kamili, eneo la Wakefield, Morley na Rothwell, mabanda marefu yenye giza totoro na wanavuna kwa mwanga wa mishumaa ili mwanga usiiharibu. Mizizi yao kwanza inakaa shambani miaka miwili bila kuvunwa ndo inaingizwa bandani, na baada ya hapo imekwisha nguvu. Mi nilimfunika namba 4. Mavuno yalikuwa mazuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutoa kwenye ile bustani, nilimpelekea mama akamaliza bakuli zima. Lakini mwaka mzima uliofuata namba 4 hakuguswa, nilimwacha apumzike na bado alitoka mdogo. Ukifunika, funika mmoja tu na uwe tayari kumpa likizo.

Namba 8 ana tabia ya kutoa maua. Kila mwaka, mapema, bua nene katikati linapanda juu mpaka linanipita kimo. Ukiliona lichipukapo likate chini kabisa, maana mmea ukianza kutengeneza mbegu unahamisha nguvu zote huko na vikonyo vinakonda. Mara moja nilimwacha atoe mbegu, nilipata kopo zima, lakini nilipooteshea watoto wake karibu wote na wao walikimbilia maua. Tabia hiyo inarithiwa. Sikumwacha tena, na kama unataka mbegu za kwako chukua kwa yule anayechelewa kutoa maua, hata kama itakubidi usubiri miaka.

Namba 7 sasa ana miaka mitano na amejaa, machipukizi yanabanana katikati na vikonyo vimeanza kupungua unene, ndo dalili kwamba anataka kugawanywa. Majani yalipokufa mwaka huu nilimchimba. Nilichukua nusu siku. Nikampasua kwa koleo vipande vitatu, kila kipande na jicho lake angalau moja kubwa na mzizi wa kutosha chini, nikaviacha siku moja vidonda vikauke, nikapanda kwenye mashimo mapya chini ya ule ukuta, sentimita 90 kila kimoja. Kimoja kilikuwa cha yule dada aliyenipa pakiti, lakini akasema nikitunze kwanza mpaka kishike, maana ile miche miwili yake ilimfia.

Wiki iliyopita viwili vimetoa ncha nyekundu. Cha tatu bado, udongo wake umetulia tu hauna hata ufa. Jirani anasema kimekufa nifukue nipande kingine. Nimekiongezea nyasi juu, sijakifukua.